Belo la Jumanne

Belo tulilifungua Mwanjelwa, ukungu bado umelala Loleza,
Tumpe akikata mikanda kwa kisu cha nyanya.
Limeandikwa Korea, kilo arobaini na tano.
Tulitarajia makoti. Julai ya Mbeya hununua koti bila kuuliza rangi.

Makoti yalitoka, na sweta za shule
zenye majina ya watoto tusioweza kuyasoma,
kisha, katikati, imebanwa na taulo,
kofia.

Nyeusi. Ngumu kama jalada la daftari la hesabu.
Utosi wake una ngazi mbili, ya nyuma imeizidi ya mbele,
na kisogoni mabawa mawili ya wavu,
mapana kama majani ya mparachichi.
Moja limepinda. Nikalinyoosha kwa kidole,
likatikisika muda mrefu kuliko nilivyoligusa.

Wateja walicheka. "Ya mganga hiyo!" "Ya ngoma!"
Mmoja akatoa mia tano, akairudisha mfukoni.
Ila Gwakisa wa kibanda cha video,
aliyekesha na tamthilia zao hadi anaota kwa lugha yao,
alivua miwani.
"Hiyo ni ya afisa wa mfalme," akasema.
"Anayepokea kodi. Anayekata kesi.
Siku hizi huvaa bwana harusi,
siku moja tu, naye aonje ukubwa."
"Na haya masikio?"
"Si masikio, ni mabawa ya nyenze.
Nyenze hunywa umande. Hali nafaka ya mtu.
Ndiyo maana wakawavika watawala."
Sijui kama ni kweli. Gwakisa hutia chumvi hata kwenye chai.
Lakini sikuiuza.

Baba yangu, Ambakisye, alikuwa mtendaji wa kijiji
huko Ilembo, miaka kumi na minne.
Alikuwa na pama ya kahawia, na muhuri
aliouficha ndani ya soksi.
Mwaka wa njaa lori lilileta magunia ya msaada, mia moja;
ghalani yakahesabiwa tisini na matatu.
Hakuna aliyesema. Mwaka ule ule tuliezeka bati.
Mvua ikinyesha nilisikia mahindi
yakimwagwa juu ya paa, usiku kucha,
nami nimelala, nimeshiba.

Jumapili nikampelekea.
Alikuwa barazani, blanketi magotini.
Mikono inamtetemeka tangu mwaka juzi, na shingo kidogo.
Aliipokea kama anavyopokewa mtoto mchanga.
Akaivaa. Ikamkaa.
Mungu ndiye ajuaye ni nani huko
aliyekuwa na kichwa cha baba yangu.

Akainua kidevu. Akawa ofisini tena,
foleni mlangoni, wino mezani.
Lakini yale mabawa!
Kila mtetemo wa shingo, ambao pama ingeufunika,
waliupokea wao, wakaukuza,
wakautangaza kulia na kushoto
kama wapiga mbiu wawili wasiolipwa na mtu.

"Haya ya nini?" akauliza.
Nikamwambia. Nyenze. Umande. Nafaka.
Nilisema nikitazama mikaratusi.
Julai nyenze hawalii. Siku ile ningeshukuru wangelia.

Baba akaivua, akaiweka juu ya blanketi.
Mabawa yakaendelea kidogo peke yao,
kisha yakatulia.

"Saba," akasema.

Sikuuliza saba nini.
Akaomba maji. Nikamletea kikombe kimejaa,
akakishika kwa mikono miwili,
akanywa kidogo, kidogo sana,
kama mtu anayejifunza.